Mwethya wa Juisi

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Darasa mlilojenga halipo tena. Nakuambia mapema kwa sababu huko uliko wamekwisha kufika watu wengi wa kwetu, na sipendi uipate habari hii ikiwa imetiwa chumvi. Ile mvua kubwa ilipasua ukuta wa nyuma, mkaguzi akaja akatia kidole kwenye ufa, akaagiza watoto watolewe. Baadaye likabomolewa. Mahali pale pale pana darasa jingine sasa, refu kuliko lenu, la rangi ya machungwa, na ni hilo lililonifanya nichukue kalamu.

Najua swali lako la kwanza: mwethya ulikuwa wa nani? Ngoja, nitafika. Barua hii naiacha wazi wengine waisome, kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi.

Kwa asiye Mkamba, mwethya ni kundi la majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Hakuna mshahara, ila kuna sheria, na wewe ulizishika kama Amri Kumi. Aliyeitisha mwethya ndiye anayepiga jembe la kwanza. Aliyeitisha ndiye anayepika. Na aliyeitisha, siku akiitwa na mwingine, huenda. Akiwa mgonjwa, hutuma mtu.

Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kutumwa. Mwaka ule ulipojifungua mdogo wangu Mutinda, kitovu chake hakijaanguka hata, siku ya kurudisha jembe kwa Mama Kyalo ilifika. Ukanivisha sweta yako, ukanipa jembe lililonizidi urefu, ukaniambia, "Nenda. Usiseme mimi ni mgonjwa. Sema umekuja." Nikaenda. Mama Kyalo aliponiona alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akanipa kazi ya kuokota mawe, na jioni akanijazia kibuyu cha uji nikuletee. Nilipofika uliniuliza jambo moja tu: "Waliona umekuja?" Nikasema ndiyo. Ukageuka upande wa ukuta ukalala na mtoto wako.

Darasa la Kwanza mlilijenga kwa njia hiyo hiyo. Mchanga mliuchota mtoni wakati wa kiangazi, mkaubeba mgongoni, kamba ikikata vipaji vya nyuso zenu. Nakumbuka nilikuuliza mbona kanisani kuna jiwe lenye jina la askofu na darasani hakuna jina la mtu. Ukanijibu bila kuinua macho kwenye sufuria: "Askofu hakubeba mawe. Ndiyo maana wakamwandika, asisahaulike." Mimi mjinga nikaenda kumwambia katekista. Ulinichapa kwa kupeleka maneno, si kwa maneno yenyewe.

Shule hiyo sasa mimi ndiye mwalimu mkuu wake, na kustaafu kwangu si mbali. Hungeamini ilivyojaa. Sekondari ya daraja la chini ilipoletwa kwenye shule za msingi, wakubwa walipewa madarasa yenye sakafu na wadogo wakasogezwa. Darasa lenu lilipoanguka, Gredi ya Kwanza na Gredi ya Pili waliishia chini ya mabati yaliyopigiliwa juu ya nguzo, bila kuta. Upepo ukivuma, karatasi zinakimbia na mwalimu anazifuata. Mvua ikija kwa mshazari, tunawakusanya katikati kama vifaranga. Mgao wa serikali hufika umechelewa na umekonda. Nimeandika maombi, nikajibiwa nisubiri, nami nikasubiri kwa adabu zote ulizonifunza.

Ndipo ikaja kampuni ya juisi ya pakiti, kutoka upande wa Athi River. Jina lake silitaji. Matangazo ya bure niliyokwisha kuwafanyia yanatosha.

Aliyetumwa kwetu ni binti mmoja anayeitwa Mwende, wa idara ya mawasiliano. Mzaliwa wa Kithyoko, anakaa Syokimau, kucha ndefu, na Kikamba chake safi kuliko cha watoto wa hapa. Nilimpenda siku ile ile. Alitazama lile banda, akatazama watoto, machozi yakamlengalenga. "Mwalimu, hii tutaisort," akaniambia. "Tutajenga darasa, halafu tukiona imeenda poa, tunajenga ya pili. Na tusikuje tu na lori tumwage vitu. Tufanye mwethya. Wazazi wachimbe msingi na sisi. Boss ameipenda sana hiyo idea."

Mwaitu, nilifurahi. Sikuwa na sababu ya kutofurahi. Mkono mtupu haulambwi, na wa kwangu ulikuwa mtupu kwa muda mrefu. Nilitangaza kanisani, kwa Wakatoliki na kwa wale wengine pia, na watu wakaitika kama zamani.

Siku yenyewe walikuta bango limefungwa kati ya miti miwili: KARIBUNI KWA MWETHYA WETU, na picha ya pakiti ya juisi kubwa kuliko mlango. Kina mama walikuja na majembe, masururu na karai. Wengine walitoka mbali, alfajiri. Wafanyakazi wa kampuni walikuja na fulana za machungwa, wakatugawia, tukavaa. Mama Kyalo, rafiki yako, ambaye sasa mgongo umepinda lakini mdomo umenyooka, akachukua jembe lake akampelekea meneja kwa mikono miwili.

"Mwenye mwethya aanze," akasema.

Meneja alilipokea vizuri. Akasimama nalo, mguu mmoja mbele, akatabasamu kwa kamera, akageuka kidogo, akatabasamu tena, kisha akamrudishia. Jembe halikugusa udongo. Hakukusudia ubaya wowote, naamini hivyo mpaka leo. Hakujua tu kwamba kina mama wote walikuwa wameacha kuongea wakimtazama, wakingoja.

Wakachimba. Unawajua. Walichimba msingi wote siku ile, na wimbo juu. Saa ya kula ilipofika tuliletewa biskuti na pakiti ndogo ndogo za juisi zenye mrija. Mtu ameinua sururu tangu asubuhi, anapewa kitu cha kunyonya. Mama mmoja akainua pakiti yake juu akauliza, "Kwani huu ni mwethya wa juisi?" Kicheko kilichotoka hapo kilisikika barabarani. Watu wa kampuni nao wakacheka, wakidhani ni furaha. Wengine wetu tulienda nyumbani tukala muthokoi uliolala, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, tukarudi kumalizia.

Baada ya hapo kampuni ilileta fundi, saruji, mabati na madirisha, na kwa hilo nawashukuru bila kuuma maneno. Darasa ni imara. Ukuta unaotazama barabara wakaupaka machungwa, wakachora ile pakiti, na juu yake wakaandika kwa herufi kubwa: DARASA HILI LIMEJENGWA NA, kisha jina lao.

Jambo moja lilitokea wiki ile watoto walipoingia. Kuna kasichana ka Gredi ya Kwanza ambako kalikuwa hakajasoma neno hata moja peke yake. Vitabu kwetu watoto kadhaa hutumia kimoja, na hako ni kadogo, huishia kuona kichwa cha mwenzake. Asubuhi hiyo kalisimama mbele ya ukuta, kakaweka kidole kwenye neno moja, kakasoma silabi kwa silabi mpaka mwisho, kakanigeukia kananing'aria meno. Neno lake la kwanza maishani. Lilikuwa jina la juisi. Nilikapigia makofi, kwa sababu mtoto akisoma hupigiwa makofi. Kisha niliingia ofisini nikakaa, na niseme ukweli, niliumia. Tangu siku hiyo hata wakiruka kamba wanaruka na wimbo wa tangazo.

Siku ya kufungua darasa palikuwa na mahema na vipaza sauti. Meneja alizungumza vizuri, akasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Akaahidi darasa la pili, la Gredi ya Pili, mradi ukuta wake nao utazame barabara, na kioski cha shule kiuze kinywaji chao peke yake. Watu wakapiga vigelegele. Halafu Mama Kyalo akaomba kipaza sauti.

Alishukuru kwanza, kwa heshima zote. Kisha akasema, "Sasa meneja, wewe uliitisha mwethya na sisi tulikuja. Hata mimi na huu mgongo nilikuja. Sasa sisi pia tuko na mwethya. Alhamisi, kwa Mutheu, yule mjane wa hapo chini, mvua ilibomoa makinga maji ya shamba yake yote. Tunakuita. Kuja na watu yako. Kila mtu na jembe yake."

Umati ukaangua kicheko. Meneja akacheka kuliko wote, akachukua kipaza sauti akasema, "Tutakuja! Wote tutakuja! Si ndio?" Na watu wake wakaitikia ndiyo, wakapiga makofi.

Mama Kyalo hakucheka. Alirudi akaketi akapanga leso yake magotini. Nilimjua, nikajua imekuwa ahadi.

Alhamisi kina mama walikusanyika kwa Mutheu mapema. Mimi nilipita kabla ya kengele, nikawaachia walimu shule, nikabaki. Mutheu alikuwa amekwisha kupiga jembe la kwanza na sufuria iko motoni, kubwa, ya watu wengi, maana alikuwa amepikia kampuni nzima. Walikaa chini wakitazama barabara. Jua likapanda.

Alikuja Mwende peke yake. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na gumbuti mpya zinazong'aa na jembe lenye karatasi ya dukani bado kwenye mpini. Kucha alikuwa amekata. "Nimechukua off," akasema, hakuweza kututazama usoni. "Nilikumbusha ofisi, wakaniambia ilikuwa joke. Lakini mimi ndio niliandika hilo neno kwa bango. Susu, nyanya yangu kule Kithyoko, akisikia niliitisha mwethya nikakosa kurudisha, hata kwake nisiingie."

Walimsogezea nafasi kwenye mstari. Alilima vibaya, Mwaitu, ungecheka. Alitupa udongo chini badala ya juu, ikabidi Mutheu amfundishe upya. Viganja vikatoka malengelenge. Saa ya kula alipewa sahani ya kwanza, na akala kama mtu aliyelima.

Jioni ile ile wajumbe walikuja kwangu wakiongozwa na Mama Kyalo, na kopo la rangi nyeupe na brashi. Nikadhani wanataka kufuta ukuta mzima.

"Hatufuti," akasema. "Huyu msichana amelipa yake, hatuko na maneno na yeye. Lakini kampuni haikuja. Sasa hiyo neno ya ukuta si ya ukweli. Wao walileta mabati, walileta simiti, walilipa fundi. Tunashukuru. Waandike hivyo. Waandike walinunua. Kujenga ni sisi. Mtu hajengi na kamera."

Neno moja tu, basi. Limejengwa litoke, limenunuliwa liingie, hata kama sarufi ingelia kidogo. Niliwaomba waningoje. Nikapiga simu ofisini kwa kampuni, nikazungumza na mkubwa wa Mwende. Alinisikiliza kwa upole. Akasema maandishi ni yale yale katika shule zote walizosaidia, hayabadilishwi, na kama jamii yetu ina changamoto, zipo shule nyingine zinazosubiri darasa la pili kwa hamu. Alisema hivyo bila ukali, namna ya mtu anayeeleza saa za kufungua duka.

Niliita wazazi. Nilitaka walione jambo lote lilivyo, kwa sababu lililokuwa mezani si rangi. Ni Gredi ya Pili. Ni watoto wanaokaa chini ya mabati yasiyo na kuta wakati mvua za vuli ziko njiani. Mutuku, baba wa mapacha walio darasa hilo, alisimama akiwa na hasira na sikumlaumu. "Mwalimu, neno haliezeki nyumba," akasema. "Wangu wananyeshewa. Wacha waandike venye wanataka. Hata wakiandika wao ndio walizaa hawa watoto, mimi niko sawa, bora wakae kwa nyumba." Watu wakacheka, lakini wengi walitikisa vichwa kukubali.

Nilisimama pale nikiwaona wote wawili wana haki. Umaskini una ubaya huo: hukupa watu wawili wenye haki na kuwafanya wagombane, wakati mwenye jukumu hayupo hata kwenye mkutano. Maana shule hii ni ya umma. Kodi tunalipa, hata kwenye kiberiti. Haikupaswa kuwa kazi ya Mama Kyalo na mgongo wake, wala ya muuza juisi na ukuta wake, wala mwalimu mkuu hakupaswa kuamua kama watoto wanyeshewe au wafundishwe uongo kwa herufi kubwa. Naliandika hili wazi, na atakayekasirika akasirike.

Lakini kuamua ilibidi niamue mimi. Nilikifikiria kile kidole kidogo kwenye ukuta. Huyo mtoto karibuni ataweza kusoma mstari mzima, na atakuja kuniuliza kama ni kweli, na bibi yake alikuwa msingini na sururu. Nikamwambia Mama Kyalo apake. Nilimshikia kopo.

Darasa la pili lilikwenda shule nyingine, mbele kidogo ya Kola. Nimepita nikaliona. Watoto wa kule wanakaa ndani, pakavu, na nimefurahi kwa ajili yao, sitakudanganya. Kampuni haikutuma mtu kurekebisha neno letu wala haikutukemea. Iliacha tu kupokea simu. Mwende hunipigia mwenyewe mara moja moja kunijulia hali. Alihamishwa idara, anasema si kwa sababu yetu.

Mvua zilianza. Siku ya kwanza tuliwasongamanisha Gredi ya Pili pamoja na Gredi ya Kwanza, na walimu wawili wakafundisha kwa kupokezana kama wanaoimba zaburi. Mutuku alikuja kuwachukua mapacha wake, akasimama mlangoni kwangu akidondoka maji. Hakupandisha sauti. "Sasa Mwalimu," akasema, "hii wiki yote nitawaambia nini? Kwamba ile neno ndio itawafunika?"

Nilibaki nalo swali lake mpaka Jumapili.

Nilikuwa nimefikiria shule iitishe mwethya. Nikaona haitawezekana, na sababu yake ni ile ile iliyowashinda wale wa juisi. Shule haina mikono. Haiwezi kwenda kwa Mutheu Alhamisi. Kampuni nayo ni vivyo hivyo, ndiyo maana aliyekuja ni Mwende na si kampuni. Anayeitisha lazima awe mtu, mwenye mgongo unaoweza kuuma, ili watu wajue watamwita nani.

Kwa hiyo baada ya misa nilisimama mbele, Mwaitu, pale karibu na jiwe la askofu. Nikasema naitisha mwethya wa kuweka kuta za Gredi ya Pili. Matofali tufyatue wenyewe, kuta kwanza, mengine tutaona. Nikasema: si shule inayoita. Ni mimi, binti wa mama yangu, na nikataja jina lako. Jembe la kwanza nitapiga mimi, nitapika mimi, na atakayekuja, nitarudi kwake siku atakayoniita, kila mmoja wenu, hata nikiwa nimestaafu.

Watu walikuwa wanahesabu, nami nilikuwa nahesabu pamoja nao: nyumba zote zile, na magoti yangu haya. Daktari aliniambia nisiiname. Niliogopa, wala sikujaribu kuficha.

Mutuku ndiye aliyesimama kwanza, kule nyuma kwa wanaume.

"Mimi nitakuja, Mwalimu," akasema. "Hata na punda nitakuja. Lakini ujue yangu si shamba. Yangu ni shimo ya choo."

Kuta zimepita kiuno sasa. Wananiita tayari, na siku zangu za Jumamosi zimekwisha kugawanywa. Ya kwanza ni ya Mutuku. Nimeazima gumbuti za Mwende, amesema nisiharakishe kuzirudisha.

Lala salama, Mwaitu. Wameniona nimekuja.

Ni mimi, kifungua mimba wako, ninayedaiwa na kijiji kizima.